Majibu mazuri ya ini hayalindi kibofu

Mkuu, usisaini hiyo karatasi. Umesema kiwanda cha rangi kinakutaka ukubali kupimwa ini tu kila mwaka, kwa maelezo kwamba panya waliopewa benzidini, kemikali ya kutengenezea rangi, walipata uvimbe wa ini. Ukauliza kama inatosha, na kama rangi za nywele na nyama ya kuungua nazo zina hatari hiyohiyo. Hayo maneno ya panya nami nililishwa na msimamizi wangu enzi nikishinda kwenye mapipa ya kutia nguo rangi. Ini langu lilitoka safi kila mwaka. Kilichoota uvimbe ni kibofu.

Habari ya panya ni kweli, ila imekatwa nusu. Mbwa waliopewa benzidini walipata saratani ya kibofu, na binadamu kwa hili tuko upande wa mbwa. Mtafiti Wilhelm Hueper alishaonyesha uvimbe wa kibofu kwa mbwa mwaka 1938, akitumia 2-naftilamini, ndugu yake benzidini. Na mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliripoti saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa rangi ya fuksini. 1895, mkuu! Anayekuambia leo kwamba cha kuangalia ni ini tu, ama hajasoma au hataki gharama.

Sikiliza inavyokwenda. Benzidini na ndugu zake, kemikali ziitwazo amini, zikiingia mwilini haziumizi DNA moja kwa moja. Mwili wenyewe ndio unaziwasha. Kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho CYP1A2 kinabandika oksijeni kwenye nitrojeni ya amini. Ini linajaribu kuituliza kwa kuifunga na asidi ya glukuroni, kisha linaitoa ipite kwenye figo. Ini limeshatua mzigo. Mkojo ukiwa na tindikali, kile kifungo kinaachia, na kinachobaki kinageuka chembe yenye chaji chanya inayonasa kwenye guanini, moja ya herufi za DNA, ndani ya seli za ukuta wa kibofu. Na mkojo unakaa humo saa nyingi, usiku kucha. Benzidini inaweza pia kuwashwa palepale kibofuni na vimeng'enya vya peroksidesi. Sasa kipimo cha ini kitaonaje hayo? Chenyewe kinaangalia kama seli za ini zimeumia, basi.

Kuna pia NAT2, kimeng'enya kinachozituliza amini kwa kuzibandika asetili. Wapo watu ambao kwao kinafanya kazi polepole, na hao wakivuta sigara, yenye amini nyingine iitwayo 4-aminobifenili, wanabaki na mzigo mkubwa zaidi. Mbwa hana kabisa vimeng'enya vya jamii hiyo. Ndiyo maana kemikali moja inaua kiungo hiki kwa huyu na kingine kwa yule: inategemea inawashwa wapi, inatulizwa wapi, na inakaa wapi muda mrefu. PhIP, amini inayopatikana kwenye nyama iliyoungua, kwa mfano, iliwapa panya saratani ya utumbo mpana.

Kilichonigharimu zaidi ni damu kwenye mkojo. Ilikuja mara moja, bila maumivu yoyote, ikapotea. Msimamizi akasema ni rangi ya kazini inatoka tu, mbona ini lako zima. Zahanati nayo ikanipa dawa za maambukizi, na iliporudi wakanipa tena zilezile. Miezi ikaenda hivyo, uvimbe ukikua, hadi daktari mmoja alipoingiza kamera kibofuni. Bado nina hasira na wote wawili, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeniuliza nafanya kazi gani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama huumwi, nenda, taja benzidini kwa jina, na usikubali kuondoka na vidonge bila kibofu kuchunguzwa. Barakoa peke yake isikudanganye, benzidini inapenya ngozi. Dai glavu pia.

Kwenye karatasi yao waandike: mkojo kupimwa damu na seli, wakati wote wa kazi na hata baada ya kuacha, maana saratani hii inaweza kujitokeza miaka 20 baadaye au zaidi. Wakikataa, weka majibu yao hapa kwenye uzi tuyasome.