Muulize Ami: Kurudi Kiwayu mwezi wa nane

*Salaam alaykum Ami. Mimi mzaliwa wa Lamu lakini niko Nairobi miaka mingi sasa. Tukiwa wadogo babangu alikuwa akitupeleka kisiwani Kiwayu kwa mashua ya tanga, tunalala kwa jamaa kijijini, asubuhi tunapanda vile vilima vya mchanga tunashuka upande wa bahari kuu, ufuo wote wetu peke yetu mpaka macho yachoke. Nataka niwapeleke wanangu, mmoja ana miaka sita mwengine tisa, likizo ya mwezi wa nane. Mume wangu mtu wa bara, bahari haijui. Tuende na tanga kama zamani? Na kule kukoje siku hizi? — Mama wa wawili, Nairobi*

Wa alaykum salaam mwanangu. Nenda, tena usichelewe, lakini si mwezi wa nane.

Mwezi wa nane kusi, ule upepo wa kutoka kusini, bado lipo. Linaanza kama Aprili na linavuma mpaka Septemba hivi, na Kiwayu ni kisiwa chembamba kirefu, mgongo umeelekea bahari kuu na uso umeelekea bara, kwa hivyo ule upande unaoutaka wewe ndio unaopigwa. Utafika juu ya kilima utaona maji meupe mpaka kwenye mwamba, mchanga unakuchapa miguu, watoto watakaa nusu saa waombe kurudi. Nakwambia hata bila kumuuliza babako, yeye alikuwa akiwapeleka msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba au Januari, shule zimefungwa na bahari imetulia. Wewe ulikuwa mdogo mwezi huukumbuki unakumbuka maji tu, na hayo maji ya kukumbukwa yana msimu wake. Kwa hivyo subiri likizo ya mwisho wa mwaka.

Sasa tanga. Kaskazi inatoka huko huko Kiwayu, kwa hivyo kwenda ni kuikabili, mashua inabisha kulia inabisha kushoto, na safari ambayo boti ya mashini inaikata kwa kama saa mbili nyinyi mtashinda baharini kutwa, pengine mlale njiani, na huyo mume wa bara atakuwa amelala ubavuni anatapika na wewe una watoto wawili wa kushika. Mimi ningefanya hivi: nenda na mashini, kurudi rudi na tanga. Kurudi kaskazi iko nyuma yenu inawasukuma, mnakaa tu mnapita Ndau, mnapita Faza, mkichoka mnashuka Pate mnyooshe miguu, na watoto wataonja ile safari yako bila kuichukia. (Kusi ni kinyume, kwenda linakufikisha mbio mbio, kurudi ndio utajua hujui.)

Jambo la maji usimwachie nahodha peke yake, lijue na wewe. Ukitoka Lamu kwenda juu unapita Mkanda, ule mkondo wa mikoko baina ya kisiwa cha Manda na bara, na zamani kabla haujachimbwa watu pale walikuwa wakisubiri maji yajae ndio wapite, la sivyo ni kuzunguka Manda kwa nje ambako na watoto sikushauri. Maji yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, basi ukiambiwa leo tunatoka saa mbili asubuhi usidhani na kesho ni saa mbili. Bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yanajaa sana na yanakupwa sana, mkondo unakwenda kwa nguvu. Na laifujaketi uzione kwa macho yako kabla ya kulipa, za saizi ya watoto, usikubali ile ya "ziko, ziko, tutazipitia njiani".

Umeuliza kukoje. Ufuo upo na upweke wake upo, tena pengine umezidi, maana 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda na watalii wakaacha kuja, wako walioanza kuja tena lakini si kama ule wakati. Mpaka wa Somalia uko karibu, hilo halijifichi, kwa hivyo wiki hiyo hiyo ya safari uliza polisi Lamu na uliza jamaa zako wa kijijini hali ikoje, ukiambiwa ngoja, ngoja. Eneo lote ni hifadhi ya bahari ya Kiunga tangu 1979, liko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, ada lipia mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali.

Kitakachokuuma ni taka. Upande wa nje bahari inaleta chupa zenye maandishi ya nchi za mbali, nyavu mbovu, na champali (ndala), champali za dunia nzima za mguu mmoja mmoja! Waambie watoto mapema wasije wakavunjika moyo. Kwetu Lamu mafundi waliunda jahazi zima kwa plastiki zilizookotwa, jina lake Flipflopi, 2019 likaenda na tanga mpaka Zanzibar, likiwa bandarini waonyeshe, watoto wanapenda sana. Na usiku ufuoni msiwashe tochi ovyo, kasa akipanda kutaga akiona mwanga anageuka anarudi majini na mayai yake.

*Ami, ufuo wa Shela hapo Lamu unatembeleka mpaka mwisho kwa siku moja? Kuna duka njiani? — Kijana wa Malindi*

Unatembeleka, ni kama kilomita kumi na mbili, lakini hizo ni za kwenda na wewe una kurudi pia, wengi wanageuka nusu ya njia na si aibu. Duka hakuna, kivuli hakuna, ukishapita nyumba za mwisho ni wewe na mchanga. Toka maji yakianza kutoka, yakishakupwa mchanga ni mgumu unakanyagika, yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini na hapo miguu itakuambia. Beba maji zaidi ya unavyodhani. Kuogelea peke yako mbali huko usiogelee, mkondo unavuta na hakuna wa kukusikia. Na vile vilima vya mchanga usivipande na pikipiki tafadhali, maji matamu tunayokunywa mji wa Lamu yanatoka chini ya huo mchanga. Urudi Shela kabla ya magharibi, giza likiingia bei ya boti ya kurudi mjini inapanda.