Mwanangu, kuhusu hiyo chelo

Mpendwa Elia,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Unauliza kama uache kazi ya ofisi ya utalii hapo Arusha ukasomee chelo, hiyo fidla kubwa ya kupigwa umekaa, na miaka yako 24, maana Sheku Kanneh-Mason, yule mpiga chelo wa Uingereza, amekutia moyo.

Hata mimi nilimwona kwenye harusi ya Prince Harry 2018, maharage yakaniungulia jikoni. Lakini yule alishika chelo akiwa na miaka sita. Alipofika tisa, Jumamosi alikuwa akitoka Nottingham kwenda London kusoma katika Royal Academy of Music. Alipoibuka mshindi wa BBC Young Musician, shindano la wanamuziki vijana la Uingereza, mwaka 2016 dunia ikashangaa. Wazazi wake walishalipa nauli miaka na miaka.

Ukitaka kiti kwenye okestra kubwa ya Ulaya, nasema wazi, umechelewa. Huko usaili mara nyingi hufanyika nyuma ya pazia, na wote mnapiga kurasa zilezile, mathalani mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfoni ya 5 ya Beethoven. Utashindana na watu waliozipiga tangu utotoni.

Kufundisha ni jambo jingine. Watoto wa hapa Moshi wanaotaka fidla na chelo wapo, walimu ndio hakuna. Huko nakuona kabisa.

Ila kwanza kidole gumba. Ulipokuja Krismasi na hiyo chelo uliyoachiwa na yule mwalimu wa kujitolea, nilikutazama: gumba la kushoto umelikaza nyuma ya shingo ya chelo kama umeshika mpini wa jembe. Mkono ukikaza hivyo hautelezi, na chelo haina vizuizi vya kukuonyesha noti iko wapi kama gitaa. Ndiyo maana ukipanda juu sauti inashuka. Nimefundisha kwaya muda mrefu, hilo halinipiti. Kitabu hakitakurekebishia, anahitajika mtu akae mbele yako, akushike mkono.

Kwa hiyo kazi usiache. Omba likizo uende Unguja, kwenye chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy. Wenzetu wa taarabu chelo wanaijua, na wengi wao wana sikio ambalo noti za karatasi hazikupi. Ukipata mwalimu wa kukukubali, ndipo tuongee habari ya ada, mimi na baba yako.

Na usiiache tena ndani ya gari juani. Gundi yake ni ya ngozi ya wanyama, joto likizidi inalegea na mbao zinaachana.

Mama yako