Hemoglobini imeshuka baada ya kuanza mazoezi: yaliyonikuta

Ndugu yetu anauliza iwapo aache kukimbia, kwa kuwa baada ya miaka miwili ya msongo wa mawazo ameanza mazoezi na hemoglobini yake, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, imeshuka kutoka 14.6 hadi 13.5. Usiache kwanza. Nimepita njia hiyohiyo.

Kwa miaka mitatu nilimuuguza mama huku nikidaiwa mkopo wa benki. Nilikuwa nikilala saa nane usiku, presha ikafika 148/94, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikawa 6.4. Mwili ukikaa katika hali hiyo muda mrefu, homoni ya msongo iitwayo kotisoli hulihimiza ini litoe sukari, na nyingine, adrenalini, hubana mishipa na kuzifanya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zigandane kwa wepesi.

Nikaanza kutembea kwa kasi kila alfajiri, dakika 40, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki sita nikapima: 14.2 imekuwa 13.3. Jirani, akiamini inaongeza damu, akawa ananiletea jagi la juisi ya rozela kila jioni, nami nikainywa kwa woga mpaka ulimi ukawa mwekundu.

Aliyenitoa wasiwasi ni mtaalamu wa maabara, ambaye aligeuza karatasi ya majibu na kunichorea glasi mbili, ndogo na kubwa, zenye nukta sawa kwa idadi. Hemoglobini hupimwa kwa gramu katika desilita moja ya damu. Kipimo hicho hakisemi una damu kiasi gani mwili mzima. Unapoanza mazoezi ya namna hii, mwili huhifadhi maji na chumvi zaidi, hivyo plazma, yaani majimaji ya damu, huongezeka ndani ya siku chache, ilhali chembe nyekundu huhitaji wiki kadhaa kufuatia. Nukta ni zilezile, glasi ndiyo imekua. Moyo nao husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mapigo yangu nikiwa nimepumzika yalishuka kutoka 84 hadi 70.

Hata hivyo, hemoglobini ikishuka chini ya 13 kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, usiisingizie plazma: omba wapime feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, na wakague minyoo ya safura, inayonyonya damu.

Jambo jingine ni muda wa kutoa damu. Siku moja nilipitia maabara nikitoka kupanda mlima kwa kasi, jasho halijakauka, chembe nyeupe zikasoma elfu 12 kwa mikrolita; nilipopumzika siku mbili zikasoma elfu 6. Kipimo cha wastani wa sukari (HbA1c) kisubiri miezi mitatu tangu uanze mazoezi, kwa sababu hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu, nazo huishi takriban siku 120.

Katika mwezi wa tano wa mazoezi hemoglobini ilirudi 13.9 na sukari ikawa 5.5. Presha ilibaki 136/88, kwa hiyo dawa naendelea nayo, na mkopo bado naulipa.