Jibu la msomaji: Sikitu na shamba la zabibu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: "Mfugo asiyezaa wala kukamuliwa, utamlisha au utamchinja?" Nimelisoma tena na tena, na kila nikilisoma naudhika zaidi, kwa sababu linamweka mnyama pembeni, ametulia, anangoja mwenye nyumba atoe hukumu. Aliyeishi na mbuzi anajua kuwa mbuzi hangojei. Kwa hiyo nitajibu lile ambalo mlipaswa kuuliza: mnyama mwenye msimamo wake anaishije na watu wenye msimamo wao?

Niko Mpunguzi, Dodoma, njia ya Iringa. Bandani kwetu yuko jike anayeitwa Sikitu, ambaye kwa hesabu yenu angekuwa supu zamani. Nilimtoa mnada wa Msalato. Waliofika pale Jumamosi wanajua hali ilivyo: fuso zinashusha mbuzi waliosafirishwa wamebanana, moshi wa nyama choma uko hatua chache tu kutoka pale wanaposhushiwa. Alikuwa mtamba bado, mguu wa nyuma umevunjikia njiani, amelazwa kwenye kivuli cha gari huku wachoma nyama wawili wakishindana bei. Nikalipa kabla hawajaafikiana, kwa hela yangu ya vikoba.

Mguu uliunga ukiwa umepinda. Kwato za upande ule hazisagiki, kwa hiyo lazima zikatwe kila mara, na kila mara ni vita. Beberu amempanda misimu yote, hajawahi kushika mimba. Maziwa hana, watoto hana. Anakula, anakunywa, na anatawala.

Kutawala huko si maneno ya mapenzi. Asiyefuga hudhani kundi la mbuzi linaongozwa na beberu. Beberu ana kelele na harufu tu. Anayeamua waende wapi na waondoke lini mara nyingi ni jike mkomavu, na kwetu ni huyu mlemavu. Akisimama, wamesimama. Kwenye hori la mashudu ana nafasi yake ya kona ya ukutani, na hakuna anayeigusa mpaka amalize. Maji yaliyoingia kinyesi hayanywi hata jua liwe la mwezi wa kumi. Wanaosema mbuzi anakula chochote waje waone anavyochambua majani ya mgunga, jani moja moja, akiacha yale yaliyolala chini tangu jana.

Binti yangu aliyesoma Sokoine, Morogoro, ndiye aliyenisimulia kuhusu Buttercups, makao ya mbuzi waliookolewa huko Kent, Uingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London waliwapelekea mbuzi wa pale sanduku lenye tunda ndani. Kulipata, mbuzi alitakiwa avute kamba kwa mdomo, kisha ainue kipande kingine. Kati ya mbuzi 12, 9 waliweza. Miezi 10 baadaye waliletewa sanduku lile lile na walikuwa bado wanakumbuka. Utafiti ulitoka mwaka 2014. Sikushangaa hata kidogo. Nilichojiuliza ni kwa nini hawakuja Mpunguzi kuangalia komeo letu.

Komeo lenyewe lilikuwa la chuma, la kuinua na kuvuta. Sikitu alijifunza kuliinua kwa mdomo wa juu, halafu anasukuma mlango kwa paji la uso. Tukafunga waya. Akajifunza kusubiri siku ambayo aliyefunga alikuwa na haraka. Siku hiyo ilikuja mwezi wa tisa, wakati wa mavuno ya pili ya zabibu. Sisi tulikuwa msibani, kijana wetu wa mwisho shuleni.

Shamba la zabibu la jirani linapakana na boma letu, katikati kuna ua wa minyaa. Minyaa ina utomvu mkali, mbuzi hawaigusi, lakini pana mahali imekauka na watoto wamepafanya njia. Sikitu akapita, wengine wote nyuma yake. Mtu atafikiri walikimbilia zabibu zilizoiva. Walikula machipukizi na majani machanga, yaani walikula msimu unaofuata. Mzabibu hukatwa kwa mpango baada ya kila mavuno, na chipukizi lililoliwa huwezi kulirudisha kwa kuomba radhi. Jirani aliwakuta wamesimama kwa miguu ya nyuma kwenye nyaya, kila mmoja na mstari wake. Alipopiga kelele walitawanyika na kuruka. Sikitu hakuruka. Sijui ni mguu au ni kiburi. Alikamatwa yeye peke yake, akafungwa kwenye nguzo kama kidhibiti.

Tuliporudi, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshafika. Utaratibu mnaujua: mfugo aliyekamatwa shambani analala kwa mwenye shamba mpaka fidia ilipwe. Tulipita mstari kwa mstari, mwenyekiti na kalamu, jirani akionyesha kila shina, mume wangu nyuma yake akinyamaza. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikiangalia yale majani yaliyokatwa safi kama kwa mkasi. Huyu jirani si mtu mbaya. Mwaka ambao mvua zilichelewa alitugawia uwele. Zabibu zile ndizo zinamlipia mjukuu ada, na kuna msimu aliwahi kukaa na mavuno mpaka yakaharibika kwa kukosa mnunuzi. Kila shina alilolionyesha lilikuwa haki yake.

Ikafika laki na nusu. Hatukuwa nayo. Mume wangu akasema, mbele ya mwenyekiti na wazee wawili waliokuja kushuhudia, "Basi mchukue huyo huyo." Jirani akafikiri kidogo, akasema ana kipaimara cha mjukuu Jumapili, sawa. Wakashikana mikono.

Pale sikusema neno. Mume akishazungumza mbele ya wazee, mke hamrekebishi hapo hapo, anasubiri nyumbani. Nyumbani nikasema, "Baba, yule mnyama ni wangu. Nilimnunua kwa hela yangu."

Akaniuliza, "Na zabibu ni za nani, mama?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tukala ugali na mlenda bila kuongea.

Usiku ule tulimsikia. Mbuzi aliyetengwa na wenzake analia, hilo linajulikana, lakini wengi huchoka. Yeye alilia mpaka jogoo, na kutoka bandani kwetu wenzake walimjibu, kwa hiyo vijumba vyote vya upande wetu havikulala. Alfajiri mke wa jirani akapiga hodi. Hakukaa.

"Dada, mbuzi wako amekataa kila kitu. Maji amemwaga. Pumba hajagusa. Kamba amekata, tukamfunga nyingine, nayo ameitafuna. Mzee anasema ukileta hela kabla ya jioni ya kesho, umchukue. Baada ya hapo mchinjaji anakuja."

Nilimuuliza kama mzee amemwonea huruma. Akanijibu bila kuzunguka: "Huruma ya nini? Anataka usingizi." Nampenda mama yule kwa jibu hilo.

Ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa na madume wawili waliofikia kuuzwa, weupe wenye madoa, ndugu wa tumbo moja, wazima wa miguu yote, wasiowahi kumkosea mtu. Jumamosi tuliwapeleka Msalato. Wakapimwa kwa macho, wakashikwa mgongo na kinena, wakauzwa kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na hela ikatosha fidia na ikabaki ya nauli. Walipandishwa fuso mbele yangu. Mmoja aligeuza kichwa kunitafuta, maana mimi ndiye niliyekuwa nawapa chumvi.

Sikitu alirudi jioni hiyo. Aliingia bandani, akaenda moja kwa moja kwenye kona yake ya hori, akamtoa kwa pembe jike aliyekuwa ameichukua, akala. Kesho yake tukaweka kufuli.

Wasomaji wenzangu, nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua: atalishwa, na aliyeuliza swali aone aibu. Lakini nimefika kwenye wale madume wawili na mkono umekuwa mzito. Niliwauza wazima wawili nikamkomboa mlemavu mmoja, pale pale mnadani nilipomwokoa. Mwenye kuokoa mbuzi kwa kuuza mbuzi ameokoa nini? Nimejaribu kusema kwamba nilimfahamu yeye na wale sikuwafahamu. Si kweli. Wale niliwapokea kwa mikono yangu walipozaliwa. Tofauti ni kwamba yeye alikataa na wao hawakukataa.

Hilo naona linanisumbua kuliko zabibu. Kama mnyama anaishi kwa sababu amekuwa mkaidi, basi wapole tunawaadhibu kwa upole wao. Angalia punda wetu wa Dodoma, wanaobeba ndoo za maji tangu alfajiri. Kuna miaka walichinjwa hapa hapa mjini kiwandani, ngozi zikaenda China kupikwa dawa, na bei ya punda ikapanda mpaka watu wakaibiwa punda wao usiku. Mwezi wa pili 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kwa miaka 15 kuwachinja kwa ajili ya ngozi zao. Punda naye ni mbishi, akisimama amesimama, lakini ubishi wake haukumsaidia kitu. Ilibidi watu wakae kikao.

Na sisi Wagogo tuna deni jingine kwenye swali hili. Bibi yangu alirithi kwa mama yake habari za Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, pale vita vya Wajerumani na Waingereza vilipochukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata. Alikuwa akituhadithia tukiwa wadogo, na hakuwahi kutaja mbuzi aliyelishwa bure. Angeniona nikimpa Sikitu mashudu ya alizeti mwezi wa kumi, wakati ndoo ya maji inanunuliwa, angeuliza kama nimerogwa. Na mimi nisingemwita mkatili. Huruma yangu ina kufuli, ina binti mwenye mshahara anayetuma hela ya dawa, ina mume aliyekubali kunyamaza. Ondoa kimoja kati ya hivyo uone.

Kuna jambo ambalo waliovutiwa na habari za mbuzi waliookolewa lazima waambiwe. Mbuzi wa mnadani anaweza kukuletea sotoka ya mbuzi, iliyothibitishwa nchini mwetu mwaka 2008 na ambayo dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030, au homa ya mapafu ambayo inaua kundi zima wakati wewe unauguza mguu mmoja. Mtenge wiki tatu au mwezi, na hori lake na ndoo yake, na chanjo uulize kwa mtaalamu wa mifugo wa kata kabla hujamchanganya na wengine. Kumwokoa mmoja ukaua kumi ni kosa ambalo majirani zako watalilipa pamoja nawe, kwa sababu malisho ni ya wote. Na usimpe mahindi makavu kwa wingi eti umfariji. Tumbo la mbuzi linachacha na kumuua kwa siku chache tu.

Kwa hiyo, mhariri, kama unahesabu kura, yangu iandike upande wa kuchinja. Nasema hivyo kwa kaya iliyo kama yetu bila yale matatu niliyoyataja, yenye watoto wanaongojea ndoo, yenye banda lililopakana na jasho la mtu mwingine. Achinjwe kwa kisu kikali, asiburutwe, asifungwe miguu juani tangu asubuhi, na nyama iliwe na watu wanaomjua. Mwenye maji ya uhakika, uzio wa kweli na jirani aliyeridhia, kura yake ni tofauti na sitamwambia abadili. Sikitu mwenyewe msimhesabu kwenye hizo za kuchinjwa. Kufuli lake lina funguo mbili, moja ninayo mimi, ya pili nimempa jirani mwenye zabibu, na aliniomba mwenyewe.