Kiwanja cha Kibaha mbele ya mahakama ya Texas

Ukianza tu kuzungumzia kufilisika hapa Marekani, utasikia ushauri huu kwa ndugu na marafiki: andikisha kila kitu kwa jina la mdogo wako. Mimi niliambiwa hivyo na watu wanaonipenda, kabla sijafungua hapa Dallas maombi ya Sura ya 7, yaani kufilisika ambako mali isiyo na kinga huuzwa kulipa wadai na madeni yanayobaki hufutwa. Tafadhali, usithubutu.

Fomu za mahakama zinataka mali yako yote, popote ilipo duniani. Kiwanja changu cha Kibaha, Tanzania, kilihesabiwa sawasawa na gari lililokuwa nje ya nyumba. Utaulizwa pia ulichouza au kugawa ndani ya miaka 2 iliyopita, na sheria ya Texas inampa mfilisi, yaani msimamizi anayewekwa kukusanya mali kwa ajili ya wadai, nafasi ya kurudi nyuma hata miaka 4. Yote unayasaini kwa kiapo. Ukificha, unaweza kunyimwa kufutiwa madeni, na ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5. Hata kaka aliyekukopesha: ukimlipa ndani ya mwaka 1 kabla ya kufungua maombi, mfilisi anaweza kumdai fedha hizo. Hili linawaumiza wengi, maana kwetu deni la ndugu ndilo la kwanza kulipwa.

Kinachookoa mali ni kinga zilizomo kwenye sheria, na ni lazima uzidai mwenyewe kwenye fomu. Aliyeishi Texas miaka 2 anaruhusiwa kuchagua orodha ya kinga ya jimbo au ya serikali kuu. Ya jimbo inasifika kwa kulinda nyumba unayoishi, lakini kiwanja cha Kibaha si makazi yako. Kwa mpangaji kama mimi, orodha ya serikali kuu ndiyo yenye nafuu. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, asiyetumia kinga ya nyumba anaweza kulinda kitu chochote, mpaka jumla ya dola 17,475. Kiwanja cha shilingi milioni 20 kinaenea hapo na nafasi inabaki. Gari lina kinga yake ya dola 5,025, na vyombo vya ndani dola 16,850, mradi kila kimoja kisizidi dola 800. Mume na mke wakifungua pamoja, kila mmoja anadai chake.

Akiba ya uzeeni ya 401(k) usiiguse kabisa. Ikiwa humo ndani wadai hawaipati. Ukiitoa ulipe kadi za benki, umeivua kinga kwa mikono yako, na kodi juu.

Mtafute wakili wa kufilisika mapema, umtajie kila kitu, pamoja na fedha zako kwenye kikoba na shamba la urithi ambalo bado halijagawanywa. Mwombe ndugu aliye nyumbani akupigie picha hati ya kiwanja na apate barua ya mthamini yenye bei ya leo. Mfilisi wangu aliuliza bei hiyo imetoka wapi, nikamwonyesha barua, akaendelea na swali lingine.