Mtaliana wa kuzamia na mpishi wa Mombasa: nani anahitaji kibali gani Zanzibar?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba tisa Makangale, kaskazini ya Pemba. Wageni wetu wengi wanafuata bahari. Tumempata mwalimu wa kuzamia, Mtaliana, ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam na vibali vyake vinaisha mwakani. Tumempata pia mpishi mkuu, Mkenya kutoka Mombasa. Tunataka waanze tukifungua baada ya masika. Kuna mtu ametwambia waingie kwa viza ya matembezi, yeye atawatafutia viza ya kazi ndani ya wiki moja. Mtaliana anasema kibali chake cha Bara kinatosha. Mpishi anasema Mkenya hahitaji chochote kwa sababu ya Afrika Mashariki. Nimsikilize nani?

JAWABU: Waalaykumu ssalam, dada yangu. Usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu. Hao wawili mnaotaka kuwaajiri nina hakika wamesema kwa nia njema, wamekosea tu. Huyo wa wiki moja ndiye wa kumkaa mbali, na nitamrudia.

Tuanze na neno lenyewe. Viza ya kazi Tanzania haipo. Viza inamfungulia mtu mlango wa kuingia nchini, basi. Anayemruhusu mgeni kufanya kazi Unguja na Pemba ni Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, kwa Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na anachotoa kinaitwa kibali cha kazi. Anayemruhusu kuishi ni Uhamiaji, na inachotoa ni kibali cha ukaazi. Vibali viwili, ofisi mbili, na kila ofisi ina serikali yake: uhamiaji ni jambo la Muungano, kazi na ajira si la Muungano. Watu wengi wanashika kimoja wakadhani wamemaliza. Nimeona mgeni ana kadi ya ukaazi safi kabisa, na kibali cha kazi hana, na mwajiri wake anashangaa kwa nini maofisa wa kazi wamemwandikia barua.

Kwa hapo unaona tatizo la Mtaliana wako. Kibali chake cha kazi kimetolewa kwa sheria ya Bara ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia. Sheria ile haivuki bahari. Akishuka Mkoani au Karume, kile kibali ni karatasi. Kibali cha ukaazi ni cha Muungano, kweli, lakini nacho hakimfuati mtu popote anapotaka: kimetolewa kwa ajili ya mwajiri fulani na kazi fulani. Akiacha kazi kwa mwajiri yule, msingi wa kibali umeondoka. Kwa hiyo kwenu anaanza upya kote kuwili. Mwambie amalizane vizuri na mwajiri wake wa sasa, apewe barua ya kuachiwa, na mwajiri yule awaarifu Uhamiaji. Asiondoke kimyakimya. Faili la Dar likibaki wazi, litakuja kuwasumbua nyinyi Pemba.

Mkenya naye. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na imempa kitu kikubwa: haingii kwa viza, na haki ya kuomba kazi anayo. Lakini kuingia bila viza si kufanya kazi bila kibali. Kanuni za Itifaki hiyo zenyewe zinasema mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kusaini, na mamlaka imjibu ndani ya siku 30. Tena kila nchi iliorodhesha kada, yaani aina za kazi, ilizozifungua kwa wenzake, na Tanzania haikufungua zote. Kwa hiyo kabla hamjamwambia lolote la uhakika, nenda Kamisheni na maelezo ya kazi yake mkononi, uulize kada yake inatazamwa vipi.

Na hapa nikwambie moyo wangu, ingawa hukuniuliza. Ombi la mpishi ni gumu kuliko la mwalimu wa kuzamia, na naona ni haki liwe gumu. Swali la kwanza la ofisa ni hili: Mzanzibari wa kufanya kazi hii amekosekana? Tunacho Chuo cha Utalii Maruhubi, ambacho sasa kiko ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vijana wanatoka huko kila mwaka. Kama hamjatangaza nafasi, hamjasaili mtu, ombi lenu halina miguu. Tangazeni kwanza. Wekeni nakala ya tangazo, orodha ya walioomba, na sababu ya kila aliyekataliwa, iliyoandikwa kwa ustaarabu. Yamkini mkampata mpishi wa Wete au wa Chake, Mombasa ikawa haina haja. Kama bado mnamtaka yule kwa sababu ana ujuzi maalumu, utajeni kwa jina. "Mpishi mzuri" haitoshi.

Kwa mwalimu wa kuzamia hoja yenu ina nguvu, lakini iandikeni sawasawa. Kuna jambo dogo lililonifundisha. Miaka ya nyuma niliwahi kuandaa faili ambalo cheo kimeandikwa "mzamiaji mkuu". Likarudi na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu pembeni ya neno hilo. Nawe unajua mtaani "mzamiaji" ni nani: ni yule anayejificha melini kwenda nchi za watu! Tangu siku hiyo naandika "mwalimu wa kuzamia chini ya bahari kwa watalii", na chini yake naeleza siku yake ya kazi ilivyo: anakagua kompresa na mitungi ya hewa, anafundisha wanaoanza, anaongoza wageni majini, anaandika kumbukumbu ya kila mzamo. Ofisa akisoma aione kazi. Na cheo hicho kifanane neno kwa neno kwenye mkataba, kwenye fomu ya Kamisheni na kwenye fomu ya Uhamiaji. Kikitofautiana mahali pamoja, faili linasimama.

Vyeti: cheti cha ualimu wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, peke yake hakitoshi, kwa sababu mwalimu anahuisha uanachama wake kila mwaka ili aruhusiwe kufundisha. Ambatisheni uthibitisho wa mwaka huu, cheti cha huduma ya kwanza, na cheti cha daktari kwamba anafaa kuzamia. Chochote kilichoandikwa Kitaliano kifasiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza na mfasiri anayetambulika, chenye muhuri. Angalieni pasi ya kusafiria. Nimeshika pasi iliyobakiwa na miezi minane kwa mtu anayeombewa miaka miwili; kibali hakiwezi kuishi kuliko pasi. Bora aibadilishe kabla hamjaanza.

Upande wenu, kwa kuwa mwombaji ni mwajiri wala si mfanyakazi, watataka kuona kwamba biashara ni hai na safi: usajili wa BPRA (wakala wa kusajili biashara na mali Zanzibar), leseni ya utalii, hali yenu ya kodi, michango ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) ya wafanyakazi mlionao, na mkataba wa kazi wa maandishi. Hapo kwenye ZSSF ndipo nyumba ndogo nyingi za wageni zinapojikwaa. Mwenye nyumba anaomba kibali cha mgeni, kumbe wahudumu wake wanne wa Konde hawajawahi kuchangiwa. Mimi faili la namna hiyo silipeleki mpaka hao wanne waandikishwe. Kama mradi wenu umesajiliwa ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, pitieni kituo chao cha huduma za pamoja, kinafupisha safari. Kama haukusajiliwa, mtakwenda wenyewe ofisi kwa ofisi, na inawezekana.

Mpangilio wa hatua ni huu: kwanza kibali cha kazi, na kwa kibali hicho ndipo mnaomba ukaazi wa Daraja B, lile la waajiriwa. Daraja A ni la wenye mitaji na biashara zao, Daraja C ni la wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Nasikia watu wakishauriana kumwandika mwajiriwa kuwa "anajitolea" ili apite Daraja C. Msifanye. Siku ikionekana hati ya mshahara wake, mmesema uongo mbele ya serikali, na jina lililosaini ni lako. Kama Mtaliana ana mke na atakuja naye, mke ataombewa pasi ya mtegemezi. Hiyo haimruhusu kusimama mapokezi kwenu hata kwa saa moja. Akitaka kazi, aombewe cha kwake.

Ipo njia moja halali ya muda mfupi, na watu wanaisahau: viza ya biashara. Ada yake ni dola 250 na haizidi siku 90. Imewekwa kwa shughuli maalumu kama kutengeneza mashine, kufundisha kwa muda au kukagua hesabu. Fundi wa kompresa yenu akija kutoka ng'ambo wiki tatu, hiyo ndiyo yake. Mwalimu wa kukaa msimu mzima, siyo.

Sasa huyo wa wiki moja. Viza ya matembezi, ile ya dola 50, imekataza kazi, hata ya kujaribu. Mwanzoni mwa kazi yangu mteja mmoja alinipigia simu jioni: mpishi wake amechukuliwa jikoni, aproni kiunoni, sufuria bado iko motoni. Alikuwa na siku ya tisa nchini, kwa viza ya utalii. Kishoka alikuwa ameshalipwa, simu haipatikani. Mpishi alitozwa faini akaondoshwa, na kijana yule hakuwa na kosa ila kuamini alichoambiwa. Tangu hapo kila mteja namwambia: malipo ya serikali yana kontroo namba, yanakwenda kwenye akaunti ya serikali, na risiti ina jina lako. Akikutaka umtumie pesa kwenye simu yake, huyo si wakala.

Jambo la mwisho, nalo ndilo ninalolipenda zaidi kwenye faili lenu. Ambatisheni mpango wa kurithishana kazi. Pemba ina vijana waliokulia kwenye miamba ya pweza. Kinachowakosesha kazi hiyo ni cheti tu. Ngazi ya kuongoza wazamiaji, inayoitwa Divemaster, inataka umri wa miaka 18 na mizamo 60 iliyoandikwa kwenye daftari. Ya ualimu inataka mizamo 100. Kwa nyumba inayotoa boti kila siku, kijana mwenye bidii anaifikia ya kwanza ndani ya msimu mmoja. Andikeni majina ya vijana wawili wa Makangale, tarehe za mafunzo yao, nani atalipa ada, na ifikapo mwaka wa pili nani ataongoza boti. Kisha uingizeni mpango huo kwenye mkataba wa Mtaliana kuwa ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Masika yakianza mkiwa mmefunga, ndio wakati wenu wa makaratasi. Tangazeni nafasi zote mbili sasa hivi, pelekeni ombi la mwalimu mbele, na tiketi asikate mtu mpaka vibali vyake vyote viwili vimetoka.