Mizizi ya mwembe imetoka juu, ukoka umekufa: usimruhusu fundi akate

Mkuu umesema mizizi ya mwembe wako imetoka nje, ukoka umekufa, na fundi kakwambia aikate au amwage zege juu. Nakuomba usikubali, mimi nilikubali na hasara yake naijua.

Kwetu Mbagala tulikuwa na mkrismasi mkubwa mbele ya nyumba, jioni wote tunakaa chini yake, mizizi ikaanza kunyanyua pevingi, nikaita jamaa akakata minne kwa shoka karibu kabisa na shina, nikapanda nyasi mpya zikapendeza kweli. Masika iliyofuata ukavuma upepo usiku mti ukalalia ukuta wa jirani. Hakuna aliyeumia alhamdulillah, ila ukuta nililipa mimi na kile kivuli mpaka leo watoto wanakiulizia. Ile minene ya karibu na shina ndo inayoushikilia mti.

Mwembe wa uani una shida kama yako, huo nimeenda nao taratibu. Mizizi inanenepa kila mwaka kama shina linavyonenepa, na mingi inakaa juujuu kufuata hewa, halafu sisi tunafagia uwanja kila asubuhi na fagio la chelewa, udongo unaondoka kidogokidogo mvua inamalizia. Nikapiga marufuku kufagia pale. Nikachanganya kichanga na samadi iliyooza vizuri nikajazia katikati ya mizizi, sentimita 2 tu, msimu mwingine tena kidogo. Ukishusha kifusi tripu nzima kwa mpigo mizizi inakosa hewa, mti unaweza kukauka mwaka wa pili au wa tatu na usijue ulikosea wapi. Juu nikatandaza majani makavu ya mwembe wenyewe, sentimita 5 mpaka 8, yasiguse shina maana gome litaoza.

Ukoka sahau kabisa, unataka jua. Zungushia mawe tu, mashine ya nyasi isipite humo, kila inapochuna mzizi ukungu na wadudu wanapata pa kuingilia. Maji mwaga mengi mara moja kwa wiki, ile ya kurashia kila jioni inaiweka mizizi juu.

Kama upo mmoja unaosukuma ukuta, huo unaweza kukatwa kwa msumeno, ila mbali na shina, angalau mara tatu ya upana wa shina lenyewe, mara tano ndo salama zaidi. Shina la nusu mita maana yake mita 1.5 hadi 2.5. Wako una upana gani na ukuta uko umbali gani?